Uso Uliotoka Udongoni

Masika yakishika katika uwanda wa Kano, magharibi mwa Kenya, Mto Nyando haubishi hodi. Huteremka kutoka vilima vya Nandi na Kericho ukiwa na rangi ya chai ya maziwa, ukaingia mashambani, ukaingia majumbani, kisha ukarudi njia yake ukiacha tope. Watu wazima wa mji wa Ahero hulilaani tope hilo. Watoto hulishangilia, kwa kuwa ndani yake mna ng'ombe. Hulichota kwa viganja, wakalikanda, wakatoa mgongo, nundu na miguu minne minene. Pembe huwa miiba miwili ya mgunga, na macho hutobolewa kwa bua la mpunga. Kila ng'ombe ana jina na ana mwenyewe. Huanikwa dirishani, huchungwa siku mbili tatu, na mvua inayofuata huwarudisha wote kuwa tope.

Kwa hiyo mtu wa Kano huanza kufinyanga sanamu kabla hajajua kushika kalamu. Lakini muulize habari za sanamu za kale, atakuambia sisi huku hatukuwa nazo. Sanamu ni za Wamakonde, ni za Nigeria, ni za Misri. Kijana mmoja wa bodaboda, pale kwenye njia panda ya Ahero ambapo barabara ya Kisii inaachana na ya Kericho, aliniongezea bara jingine. Alinionyesha kwenye simu kichwa cha jiwe kilichoipita matatu kwa kimo, chenye pua pana na midomo minene. "Hiki kiko Mexico," akasema. "Hawa ni babu zetu, walifika huko kabla ya Columbus." Hatua chache nyuma yake mama mmoja mzee alikuwa amepanga vyungu vyake chini, vikubwa nyuma na vidogo mbele. Sisi wawili tulikuwa tumekipa mgongo chungu, tukitazama jiwe la Mexico.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikivifuatilia vitu viwili hivyo, kichwa cha kwenye simu na vyungu vya kando ya barabara. Katikati yao nilikuta kichwa cha tatu, cha udongo, kilichotoka kwenye ukingo wa ziwa letu hili hili, Ziwa Victoria.

Sufuria iliyofunikwa

Tuanze na kile cha simuni. Karibu na katikati ya karne ya 19, kibarua aliyekuwa akifyeka msitu katika shamba la miwa la Hueyapan, jimbo la Veracruz, alikuta kitu kilichofanana na tako la sufuria kubwa iliyofunikwa ardhini. Watu wakadhani ni hazina. Walipofukua, sufuria ikaota macho. Mwaka 1862 msafiri wa Mexico aitwaye José María Melgar alikwenda kukitazama kichwa hicho, na mwaka 1869 akachapisha maelezo yake. Aliandika kwamba sura ile ni ya Kiethiopia, na kwa watu wa zama zake neno hilo lilimaanisha mtu mweusi. Maneno yale yamesafiri miaka zaidi ya 150 hadi kwenye simu ya kijana wa Ahero.

Waliokichonga ndio hao tunaowaita Waolmeki. Jina lenyewe limetoka kwa Waazteki, waliokuja karne nyingi baadaye na kuwaita wakazi wa pwani ile watu wa nchi ya mpira, kwa sababu ya miti yao ya utomvu. Mji wao mkubwa wa kwanza, San Lorenzo, ulistawi kuanzia karibu mwaka 1400 hadi 900 KK. Baada yake ukaja La Venta, uliodumu hadi karibu mwaka 400 KK. Mpaka sasa vimepatikana vichwa 17 vya namna ile. Kumi ni vya San Lorenzo, vinne vya La Venta, na vilivyobaki ni vya Tres Zapotes na jirani yake. Kile cha kwanza kuhesabiwa San Lorenzo kina kimo cha mita 2.84 na uzito unaopita tani 25.

Mtu wa Ahero angefika San Lorenzo asione ugeni. Ni nchi ya mto unaofurika, Coatzacoalcos, ya tope jeusi, ya samaki na ya mavuno yanayofuata mafuriko. Na kama ilivyo Kano, mawe hakuna. Hapa kwetu ukitaka jiwe la msingi utalifuata Nyabondo au kwenye ngazi ya milima ya Nandi. Waolmeki walilifuata lao kwenye milima ya Tuxtla, makumi ya kilomita, nao hawakuwa na mnyama wa kukokota wala mkokoteni. Walikuwa na kamba, magogo, mito na mabega ya watu. Chuma hawakuwa nacho. Jiwe lilichongwa kwa jiwe jingine, likasuguliwa kwa mchanga mpaka likatoa kope.

Vichwa vyote vimevaa kofia zinazobana, lakini hakuna viwili vyenye sura moja. Huyu amekunja uso, yule wa La Venta anacheka mpaka meno yanaonekana. Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba hizo ni sura za watawala. Baadhi ya vichwa vilichongwa kutoka kwenye viti vikubwa vya enzi, yaani jiwe alilokalia mtawala lilikuja kuchongwa likawa uso. Ufundi wao haukuishia kwenye mawe makubwa. Walifinyanga watoto wachanga wa udongo, watupu ndani, waliopakwa rangi nyeupe na kukaa wamepanua miguu kama mtoto anayesubiri uji. Na kwenye chemchemi ya El Manatí tope lilihifadhi vinyago vyao vya mti, vichwa na mabega, kwa miaka 3,000, pamoja na mipira ya utomvu waliyoichezea.

Je, walikuwa Waafrika? Mwaka 1976 Ivan Van Sertima, msomi mzaliwa wa Guyana, alitoa kitabu kilichosema mabaharia weusi waliwafikia. Kilipendwa sana, na ni rahisi kuona kwa nini. Mtu aliyeambiwa kwa karne nzima kwamba hana historia atamkumbatia yeyote anayemletea mfalme wa tani 25. Lakini katika tabaka za udongo za Waolmeki hakijawahi kufukuliwa kifaa hata kimoja cha Afrika. Pua ile na midomo ile ungali unaikuta leo kwa wenyeji wa Veracruz na Tabasco, wanaouza ndizi na samaki sokoni kwao. Mwaka 1997 wataalamu watatu walijibu kitabu kile hoja kwa hoja. Neno lao lilikuwa zito: kuwapa Waafrika vichwa vile ni kuwapora wenyeji wa Mexico babu zao.

Uchungu wa kuporwa babu tunaujua sisi. Kuta za Zimbabwe Kuu ziliambiwa ni za Wafoinike, ni za Malkia wa Sheba, ni za yeyote yule ilmradi asiwe Mshona. Miji ya mawe ya Waswahili ilihesabiwa kwa miaka mingi kuwa ya wageni waliotua na majahazi. Mwaka 1929 mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson alichimba Zimbabwe, akasimama mbele ya wasomi na kusema wazi kwamba kazi ile ni ya Waafrika. Wengine walimzomea.

Mwaka huohuo, kwenye ukingo wa kaskazini wa ziwa letu, wafungwa walikuwa wakichimba.

Kichwa cha gerezani

Luzira ni kilima kando ya ziwa, mashariki ya Kampala. Jina lake hadi leo humfanya Mganda afikirie gereza kuu kabla ya kitu kingine chochote. Mwaka 1929 wafungwa waliokuwa wakichimba huko walikutana na vigae vingi vya vyungu, na kati ya vigae mkatokeza uso wa mtu.

Kichwa hicho ni cha udongo uliochomwa. Kimesimama juu ya shingo nene ya mviringo inayomkumbusha mtu mdomo wa mtungi. Macho yametuna, uso umekazwa. Juu ya kipaji imepangwa misokoto ya udongo, nene, moja juu ya nyingine, ukaweza kuiona kuwa ni nywele zilizosukwa au kilemba cha cheo. Pamoja nacho palikuwa na vipande vya kiwiliwili na viungo, ishara kwamba sanamu hazikuwa moja. Mikono iliyoipanga misokoto ile ilikuwa imezoea vyungu, maana mfinyanzi wa ziwani huinua ukuta wa chungu kwa misokoto ya namna hiyohiyo.

Habari zilimfikia E. J. Wayland, mkuu wa idara ya jiolojia ya Uganda. Mwaka 1931 kichwa kiliingia British Museum jijini London, na mwaka 1933 Wayland na wenzake wawili wakachapisha maelezo yake. Baada ya hapo mambo yakatulia kwa zaidi ya miaka sabini.

Utulivu huo una sababu yake. Mwaka 1928, mwaka mmoja kabla ya Luzira, wachimba bati wa kijiji cha Nok, Nigeria, walikuwa wametoa kichwa cha udongo. Baadaye kingine kilikutwa shambani kwa mkulima akikitumia kama kichwa cha kinyago cha kutishia ndege wasile viazi vikuu. Mwanaakiolojia Bernard Fagg aliwatafuta ndugu wa vichwa hivyo, vikaja vingi, ukoo ukajulikana, na leo Nok iko katika kila kitabu cha sanaa ya Afrika. Cha Luzira hakikupata ndugu wa kukisindikiza. Kilikuwa peke yake katika nchi ambayo vitabu vilikwisha kuipitishia hukumu kwamba watu wake ni wafugaji na wapiganaji, wenye ngao na vibuyu vizuri, wasio na sanamu. Kitu kisicho na umri wala jamaa ni vigumu kukisimulia, hivyo kikawekwa kando.

Wala waliokuja kukifungua hawakuanza na uso. Wanaakiolojia Andrew Reid na Ceri Ashley walirudi kwenye vigae vilivyochimbwa pamoja nacho, vile vipande vya vyungu vya kawaida ambavyo mtalii havitazami mara mbili. Wakavilinganisha na vigae walivyovichimba wenyewe kwenye ukingo wa kaskazini wa ziwa, mahali ambapo tabaka zinaweza kupimwa umri. Mwaka 2008 wakatoa jibu. Sanamu za Luzira ni za mwisho wa milenia ya kwanza BK au mwanzo wa milenia ya pili. Ni miaka elfu moja hivi iliyopita, kabla Buganda haijawa ufalme tunaoujua, na kabla Mjaluo wa kwanza hajaliona jua likichwea juu ya Ghuba ya Winam.

Waswahili husema mfinyanzi hulia gaeni. Huwafinyangia watu vyungu vizuri, yeye akapakulia chakula chake kwenye kipande kilichovunjika. Kwa Luzira methali hiyo imegeuka upande wa pili: gae ndilo lililomlisha mfinyanzi, likampa umri na watu wa kwao.

Kidole cha Urewe

Watu hao wa kwao ni akina nani? Kwa swali hilo tunarudi upande wa Kenya, Siaya, karibu na Mto Yala, mahali paitwapo Urewe.

Walter Edwin Owen, shemasi mkuu wa Kanisa la Anglikana katika Kavirondo, kama nchi hii ya Nyanza na jirani zake ilivyoitwa wakati ule, kuanzia 1918 hadi alipofariki mwaka 1945, alikuwa mtu wa mambo mengi. Mwaka 1923 alikiongoza chama cha walipa kodi wa Kavirondo, akapigia kelele kodi ya kibanda na kazi za kulazimishwa, mpaka walowezi wakamgeuzia cheo chake kwa Kiingereza wakamwita shetani mkuu. Siku zake za mapumziko aliinamia makorongo akiokota vigae. Vile alivyokusanya Urewe na majirani zake vilichapishwa mwaka 1948, yeye akiwa kaburini, katika andiko aliloandika pamoja na wanaakiolojia Mary na Louis Leakey.

Vyungu hivyo vina alama ambayo ukiionyeshwa mara moja huisahau. Kwenye tako la chungu, pale panapokaa chini pasipoonekana na mtu, mfinyanzi alibonyeza shimo dogo la kiasi cha ncha ya kidole gumba. Midomo ya vyungu imekatwa pembe kwa uangalifu, na mabegani imechorwa michirizi sambamba, mapindo na duara. Wataalamu waliviita kwanza kwa jina la kibonyeo hicho, kisha wakaviita Urewe, na jina la kijiji cha Siaya likaenea kuliko mwenye kijiji. Vyungu vya Urewe vimechimbwa Nyanza, Uganda, Rwanda, Burundi, Kivu na Kagera. Huko Kagera, kwa Wahaya, mwanaakiolojia Peter Schmidt alivikuta pamoja na tanuri za kuyeyushia chuma za karne za mwisho kabla ya Kristo. Waliofinyanga ndio walioleta jembe na shoka kwenye kingo hizi.

Na wao hawakuwa wa kwanza kushika tope la ziwa. Maelfu ya miaka kabla yao wavuvi tunaowaita wa Kansyore, kwa jina la kisiwa cha Mto Kagera, waliacha kando ya maji marundo ya maganda ya kombe yaliyochanganyika na vigae vilivyotobolewa nakshi mwili mzima. Kando ya Mto Sondu-Miriu, kusini mwa uwanda wetu, kuna mahali paitwapo Wadh Lang'o ambapo wachimbaji walishuka tabaka baada ya tabaka. Juu kabisa wakavikuta vyungu vya siku za karibu, chini yake vya Urewe, chini zaidi vya wafugaji wa kale, na chini kabisa vya wavuvi wa Kansyore. Ni historia nzima ya Nyanza, imeandikwa na watu ambao hawakuandika, kila kizazi kikisoma mkono wa kilichotangulia na kuubadilisha.

Kufikia karne ya nane au ya tisa BK, unadhifu wa Urewe ulikuwa umeanza kulegea. Nakshi zikawa za haraka. Kaskazini mwa ziwa vyungu vikaanza kunenepa, vikawa vya kulisha mkusanyiko, si familia moja. Chungu cha kulisha mkusanyiko kinahitaji mwenye kuuita mkusanyiko, mtu mwenye sauti juu ya wengine. Ni katika siku hizo, kati ya vyungu hivyo vikubwa, ndipo uso wa Luzira ulipofinyangwa. Huenda ni uso wa mtawala, huenda wa mzimu aliyetambikiwa. Tukiutazama pamoja na karamu zile, tunaona jamii iliyokuwa inajifunza kuweka nguvu kwenye sura ya mtu mmoja. Waolmeki walilifanya jambo lilelile kwa bazalti. Watu wa ziwa walilifanya kwa kile walichokuwa nacho mkononi.

Aliyegeuka jiwe

Wajaluo walipoingia Nyanza kutoka kaskazini, kuanzia karne ya 15 au 16, walikuja na ng'ombe, mikuki na namna nyingine ya kupamba chungu. Badala ya kuchora, walibingirisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo mbichi, ikaacha chapa kama ya ukili. Mtu anayejua kutazama akiokota kigae njiani Ahero leo, alama ya kamba humwambia kimeachwa na mikono ya enzi gani.

Ufinyanzi ni kazi ya wanawake, na kwa Wajaluo una njia yake ya kupokezana. Binti hasomeshwi na mama yake mzazi. Huolewa katika boma lenye udongo mzuri, na hapo mama mkwe au mke mwenza humfundisha. Kwa hiyo mtindo wa chungu haufuati damu, unafuata ndoa. Msichana anayetoka Alego akaja kuolewa Kano ataacha mkono wa kwao na kushika wa nyumba aliyoingia. Wanazuoni walioliona jambo hili ilibidi wajiulize upya kuhusu vigae vya kale: huenda mtindo mpya katika tabaka za ardhi hauna maana ya taifa jipya lililohamia, huenda ni harusi tu zilizozidi kuelekea upande mmoja.

Dapi ni mtungi wa maji, hukaa penye kivuli na hutoa jasho, maji yakapoa kuliko ya friji. Agulu ni chungu kwa jumla, cha mboga, cha uji, cha samaki. Kile cha pombe kilizungukwa na wazee wenye oseke, mirija mirefu, kila mmoja akivuta kwa foleni ya umri. Vitu hivyo havikuwekwa mahali pa kutazamwa. Viliwekwa mahali pa kutumiwa, vikavunjika, vikatupwa, na hapo ndipo vilipoanza safari ya kuwa historia.

Sanamu ya jiwe Kano haikuchonga. Uwanda huu, ukiwa hauna jiwe, uliisimulia. Luanda Magere alikuwa shujaa wa Kano ambaye mwili wake ulikuwa mwamba, na luanda kwa Kijaluo ndio mwamba wenyewe. Mikuki ya Lang'o, yaani Wanandi, ilimgonga ikapinda. Mwishowe maadui walimtumia binti wao awe mke wake. Siku alipougua na kuomba achanjwe dawa, bibi yule alitambua kwamba wembe hauingii mwilini ila kivulini mwake. Akatoroka kwao akaitoa siri. Vitani walikichoma mkuki kivuli chake, naye akaanguka akawa jiwe. Mwamba unaotajwa kuwa ni yeye upo hadi leo, na wawindaji wamekuwa wakinoa vyuma vyao juu yake. Waolmeki walimchukua mfalme wao wakamtoa ndani ya jiwe. Kano walimchukua shujaa wao wakamwingiza.

Moto

Mwaka 1950 alizaliwa Nairobi mtoto aliyekuja kujulikana kama Magdalene Odundo. Alisomea ufundi Uingereza. Mwaka 1974 alikwenda Abuja, Nigeria, akaketi na Ladi Kwali, mfinyanzi mashuhuri wa Kigwari, akamwona akikizunguka chungu kwa miguu yake badala ya kukizungusha chungu. Tangu hapo Odundo hatumii gurudumu. Huinua kwa misokoto, husugua mpaka udongo ung'ae kama ngozi iliyopakwa mafuta, kisha huchoma. Hewa ikiingia tanurini chungu hutoka chekundu, ikizuiwa hutoka cheusi. Vingi vina shingo, mabega na tumbo, kiasi kwamba mtu husita kuvigeuzia mgongo. Mwaka 2020 alipewa heshima ya Dame huko Uingereza. Kazi yake imo British Museum, nyumba ileile iliyokipokea kichwa cha Luzira mwaka 1931. Misokoto ya mikono miwili ya Afrika Mashariki, iliyopishana miaka elfu moja, imelala chini ya paa moja, mbali na ziwa.

Nilirudi Ahero kumtafuta yule mama wa njia panda. Watu humwita Dani, yaani bibi, nami nikamwita hivyohivyo. Nyumbani kwake ni nyuma ya mashamba ya mpunga, na siku hiyo kulikuwa na jua kati ya mvua mbili. Aliniambia udongo wake hutoka mahali pawili. Mweusi wa Kano peke yake hunata vizuri lakini hupasuka ukikauka, kwa hiyo huuchanganya na mwekundu wa mlimani, akaukanda mpaka usikie kidole. Nilimwonyesha kichwa cha Mexico kwenye simu yangu, kisha cha Luzira. Cha kwanza alikitazama akacheka. Cha pili alikisogeza karibu na macho.

"Huyu amesokotwa," akasema. "Hapa juu. Na alikauka vizuri kabla ya kuchomwa, la sivyo shingo ingeachana na kichwa."

"Utajuaje, Dani?"

"Nyathina, mwanangu, si unaona hajapasuka?"

Vyungu kumi na viwili vilikuwa vimepangwa uani juu ya kuni, vimefunikwa kwa nyasi na mbolea kavu ya ng'ombe. Mjukuu wake, mtoto wa miaka sita hivi, alikuja na ng'ombe wake wa tope akaomba naye achomwe. Dani alimpima mkononi, akamgonga kwa ukucha, akatikisa kichwa. "Huyu ana maji bado. Akiona moto atalipuka na kunivunjia chungu. Mweke ndani, kivulini, asiguswe na jua wala mvua. Nitamchoma na vile vya wiki ijayo." Mtoto alinuna, lakini alimweka.

Wiki iliyofuata nilikuwepo. Moto uliwaka tangu mchana hadi jua lilipokaribia kuzama. Nyasi zilipogeuka majivu Dani akavuta chungu kimoja kimoja kwa mti mrefu, akavipiga kwa kidole na kusikiliza kila kimoja. Viwili vilikuwa na sauti mbovu, akaviweka kando. Kimoja kitakuwa gae la kukaangia karanga. Chini kabisa, katikati ya majivu, akamkuta ng'ombe. Miiba ya pembe ilikuwa imeungua, yamebaki matundu mawili. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa na ufa. Lakini alikuwa mwekundu, mgumu, na alipogongwa aliita.

Mtoto akambeba kwa shuka, maana alikuwa moto bado, akamweka dirishani pamoja na wenzake watano wa tope. Usiku mvua ilinyesha sana. Asubuhi dirishani alikuwa amesimama mmoja.